Ngamia wa Kilobaiti 80

Picha ya ngamia ilikuwa na uzito wa megabaiti 4, na mwenye duka alitaka ijaze skrini nzima. Si ndiyo biashara yake? Anauza maziwa ya ngamia hapa Garissa, mabichi na yaliyochachuka. Fundi wa tovuti hakubishana. Aliikata, akaibana, akaitazama, akaibana tena, hadi ikabaki kilobaiti 80 na manyoya ya shingoni bado yanaonekana.

"Eedo," alimwambia, "mteja wako ana bando dogo. Tusimmalizie kwa picha."

"Haya, eedo." Kwa Wasomali shangazi humrudishia mpwa jina lilelile la heshima.

Nilidhani kutengeneza tovuti ni kupamba. Kumbe nusu ya kazi ni kuondoa. Picha zinazojigeuza zenyewe zilitoka, na muziki pia, ingawa huo uliaga kwa shida. Ikabaki bei ya lita, namba ya till ya M-Pesa, kitufe cha WhatsApp na maelezo ya njia, yaliyoandikwa jinsi watu wanavyoelekezana: ukitoka Suuq Mugdi, pita hivi. Saa za kazi fundi alizifuta mara mbili kabla ya kuandika kwamba duka hufungwa wakati wa swala.

Maneno ya kwanza ni "caano geel", na Mswahili atajikwaa kwenye hiyo c, ambayo ni sauti ya ain. Kiswahili kinafuata chini yake. Somalia ilipochagua hati ya Kilatini mwaka 1972, haikuweka alama zozote juu ya herufi. Fundi anaishukuru hadi leo: herufi zilizomo tayari kwenye simu yoyote zinamtosha, mteja hapakui kitu.

Saa sita mchana akatoka juani na tovuti kwenye simu. Maandishi ya kijivu, yaliyopendeza sana ndani, yalipotea kabisa. Akarudi, akayafanya meusi. Akatoka tena, kitufe kilikuwa chembamba kwa kidole gumba. Akarudi, akakinenepesha. Mara ya tatu alimpa simu mteja aliyekuwa akisubiri maziwa, hakumweleza lolote, akasimama kimya kuangalia macho na kidole vinakwenda wapi. Kidole kilimpita ngamia mbio kikitafuta bei.

Fundi akaingia ndani, akaipandisha bei juu ya ngamia.