Meza za Golden Globes

Bado natazama Golden Globes, na kinachonivuta ni meza. Kwenye Oscar watu hukaa safu safu kama kanisani. Pale hoteli ya Beverly Hilton wanakula, wanamiminiana shampeni, na kamera humkuta nyota katikati ya kutafuna.

Chakula hicho kina historia. Mwaka 1982 Pia Zadora alitangazwa nyota mpya baada ya mumewe, tajiri Meshulam Riklis, kuwasafirisha wapiga kura hadi Las Vegas. Mwaka 2016 Denzel Washington, akipokea tuzo ya heshima, alisimulia alivyoelekezwa zamani: watalishwa, utapiga nao picha, utashinda. Na kweli alishinda. Ukumbi uliangua kicheko, nami nikacheka nao.

Ila wapiga kura wenyewe hawakufika hata 90, na mwaka 2021 ikafichuka kwamba hakuna mweusi hata mmoja kati yao. Mwaka huohuo Emily in Paris, tamthilia ambayo zaidi ya 30 kati yao walipelekwa Ufaransa kuitazama ikirekodiwa, iliteuliwa mara mbili. I May Destroy You ya Michaela Coel, kazi nzito kuliko nyingi za mwaka ule, haikuteuliwa popote. Hapo sicheki. Tuzo ya kununulika bado humpa mtu kazi inayofuata, na humnyima mwingine.

Mwaka 2022 haikurushwa kwenye televisheni. Mwaka 2023 mshereheshaji, Jerrod Carmichael, aliwaambia waziwazi kwamba ameitwa kwa sababu ni mweusi. Dakika chache baadaye wakaanza kugawa tuzo.