Salamu kwa Wasiojulikana: Lugha za Kibantu katika Santuri ya Voyager

Mnamo tarehe 20 Agosti 1977 chombo kiitwacho Voyager 2 kilirushwa kutoka Florida, nchini Marekani, na tarehe 5 Septemba ya mwaka uo huo kikafuatwa na mwenziwe, Voyager 1. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kupeleleza sayari kubwa zilizo mbali na jua. Lakini ubavuni mwa kila kimoja palifungwa santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye upana wa sentimeta 30 hivi, kwa ajili ya kiumbe awaye yote atakayekiokota chombo hicho safarini. Katika santuri hiyo mna picha 115, sauti za upepo na mvua na wanyama, muziki wa dakika 90 hivi, ambamo umo wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri katika Kongo, na salamu katika lugha 55. Voyager 1 kilitoka nje ya eneo la upepo wa jua mwezi wa Agosti 2012, na Voyager 2 mwezi wa Novemba 2018. Baada ya miaka 40,000 hivi Voyager 1 kitapita umbali wa miaka ya nuru 1.6 kutoka nyota iitwayo Gliese 445. Hayo ndiyo makaribio yake ya kwanza kwa nyota nyingine.

Wanaoitaja santuri hiyo aghalabu husifu ujasiri wa kuituma, au hucheka udogo wa tumaini kwamba itaokotwa. Ni wachache wanaosimama mbele ya zile salamu na kuzisoma kama maneno. Tena msomaji wa kawaida hazisomi salamu zenyewe, bali husoma tafsiri zake za Kiingereza, na tafsiri hizo zimeshika mahali pa asili. Hapo ndipo penye kasoro inayostahili kuhakikiwa, kwa kuwa lililo bora katika salamu nyingi, na hasa zile za Kibantu, ndilo lililopotea katika tafsiri.

Yafaa ikumbukwe jinsi zilivyopatikana. Kamati ya santuri iliongozwa na Carl Sagan, mwanafalaki wa chuo kikuu cha Cornell, na kazi ya kukusanya salamu ilishikwa na Linda Salzman Sagan. Wasemaji hawakuandikiwa maneno ya kusema. Waliambiwa tu kwamba iwe salamu kwa viumbe wanaoweza kuwako huko, na kwamba iwe fupi. Kwa hiyo kila mmoja alilazimika kuchukua kile ambacho lugha yake ilikuwa nacho tayari kwa ajili ya kumlaki mtu, na kukielekeza kwa asiyejulikana kuwa ni mtu au si mtu. Msemaji wa Kichina cha Amoy aliwauliza kama wamekwisha kula, akawaalika waje kutembea wakipata nafasi. Huo si mzaha. Ni adabu ya kwao. Lugha ikitakiwa kusema na yeyote, husema kwa namna isemavyo na jirani.

Lugha za Kibantu zilizomo katika santuri ni Kiganda, Kinyanja, Kiila, Kisotho, na ile iliyoandikwa kwa jina la Kinguni, ambayo maneno yake ni ya Kizulu. Salamu ya Kiganda yapasa kutangulizwa, kwa maana ndiyo yenye mafumbo mengi. Inaanza kwa kitenzi -sula, yaani kulala au kupitisha usiku, ikiuliza wasikilizaji wanalalaje huko. Halafu inawaita kwa maneno yenye maana ya watu wa nchi hii, au wa dunia hii, na kumalizia kwa kumwomba Bwana awape amani siku zote. Tafsiri ya Kiingereza yatangaza tu kwamba ni salamu kwa watu wote wa ulimwengu, na dua ya amani. Usiku umetoweka, na neno “hii” limetoweka.

Hasara hiyo si ndogo. Kuuliza mtu amelalaje ni kudhani kwamba huko aliko kuna usiku na kuna mapambazuko, na kwamba usiku ni wakati wa hatari ambao mtu huulizwa kama ameuvuka salama. Zaidi ya hayo, sentensi hiyo moja ina viashirio viwili vinavyovutana. Kiambishi -yo, kilichofuata kitenzi, chaonyesha mahali palipo mbali na msemaji, yaani “huko”. Lakini kionyeshi eno chaonyesha mahali alipo msemaji mwenyewe, yaani “hii”. Mhakiki mwepesi atasema kwamba msemaji alijikwaa. Yamkini ni hivyo. Lakini yaweza pia kusomwa kwamba sauti ya santuri haina mahali pamoja. Iliposemwa ilikuwa Marekani, na waliosalimiwa walikuwa huko. Itakapochezwa, kama itachezwa, itakuwa kwao, na nchi yao itakuwa ndiyo “hii”. Sentensi ya Kiganda imebeba safari nzima ya chombo ndani ya viashirio viwili, na Kiingereza hakikubakiza hata kimoja.

Kinyanja chauliza hali ya wote walio “watu wa juu”, kwa neno kumwamba, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa juu angani, au mbinguni. Tafsiri ya Kiingereza imeandika “sayari nyingine”. Hapa mtafsiri ametia elimu ya falaki mahali ambapo msemaji alitia mwelekeo wa macho tu. Neno sayari lenyewe, ambalo Kiswahili kimelichukua kutoka Kiarabu, asili yake ni chenye kusafiri. Lilipewa nyota zile zinazotembea kati ya nyingine zisizohama. Kumwamba hakuna elimu hiyo. Ni pale ambapo mtu aliyesimama chini huinua uso kuelekea. Kwa kusema hivyo Mnyanja hakudai kujua wasikilizaji wake wanaishi juu ya kitu gani, na pengine alikuwa mkweli kuliko mtafsiri wake.

Salamu ya Kiila ni fupi kuliko hizo. Inatumia shina -pona, lile lile ambalo kwa Kiswahili lina maana ya kutoka katika ugonjwa, na ambalo kwa Kiila lina maana ya kuishi na kuwa mzima. Kizulu nacho chawaita wasikilizaji maqhawe, yaani mashujaa, na kuwatakia maisha marefu. Kiingereza kimepunguza ushujaa huo kuwa ukubwa tu.

Salamu hizi kila moja ina namna yake ya kuamua wasikilizaji ni nani, na uamuzi huo katika lugha za Kibantu haukwepeki. Mganda na Mnyanja wamewaita abantu na bantu. Wamewaingiza katika ngeli ya watu kabla hawajaonekana. Msemaji wa Kiingereza aweza kusema juu ya kitu hai bila kuamua kwanza. Msemaji wa Kibantu hana nafasi hiyo, kwa kuwa kila kitenzi na kila kivumishi chadai upatanisho wake.

Kiswahili chaonyesha ugumu huo waziwazi. Neno kiumbe kwa umbo lake ni la ngeli ya KI-VI, lakini kwa upatanisho hufuata watu: kiumbe huyu, viumbe hawa. Samaki na mdudu nao hupata heshima hiyo, kwa kuwa hujiendea wenyewe. Mti haupati, ingawa una uhai. Zimwi nalo lina akili, lina nia, na lina kumbukumbu, walakini methali yasema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, si kwamba “akujuaye hakuli”. Hofu imeliondoa katika jamii ya wenye nafsi. Kwa hiyo mpaka ambao sarufi imeuchora haufuati uhai peke yake wala akili peke yake. Hufuata pia jinsi msemaji anavyojiweka mbele ya huyo anayemtaja.

Jambo hili si mchezo wa wanasarufi. Vyombo viwili vya Viking vilipotua katika sayari ya Mars mwaka 1976, vilitafuta katika udongo vijidudu visivyoonekana kwa macho, na wataalamu walio wengi waliona kwamba matokeo hayakuthibitisha uhai. Vikija kupatikana siku moja, mwandishi wa Kiswahili atakayetoa habari hiyo atalazimika kuchagua kati ya “hivyo” na “hao” katika sentensi yake ya kwanza, na wasomaji wake watakuwa wamekwisha ambiwa nusu ya hukumu.

Yaweza kupingwa kwamba yote haya ni bure, kwani msikilizaji wa huko hatafahamu lugha yoyote kati ya hizo 55. Pingamizi hilo ni la haki, na wanafalaki waliliona mapema. Ujumbe uliopelekwa kwa redio kutoka Arecibo, Puerto Rico, tarehe 16 Novemba 1974 haukuwa na neno hata moja, bali alama 1,679 za namba, kwa tumaini kwamba hesabu ni mali ya akili zote. Lakini hesabu haimsalimu mtu. Salamu haikusudii kufahamisha. Inakusudia kukiri kwamba mwingine yuko. Ndiyo maana ilifaa zitiwe, na ndiyo maana hapana budi zisomwe kwa kadiri zilivyosemwa.

Kiswahili hakimo katika santuri. Uchache wa wasemaji hauwezi kuwa sababu, kwa kuwa Kiila kimo, na wasemaji wake ni wachache mno kuliko wa Kiswahili. Wala si kwamba neno la Kiswahili halikuwahi kupaa. Setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ili kupima miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, ilipewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru wake. Lakini jina ni alama ya mwenye chombo. Halisemi na mtu. Badala ya kulalamika, yafaa kuuliza Kiswahili kingesema nini.

Salamu zake za kila siku haziifai kazi hii. “Hamjambo” yadhani kwamba anayesalimiwa aweza kupatwa na jambo, na kwamba heri ni kutokuwa nalo. Hiyo ni falsafa nzuri, lakini ni ya watu waliokwisha juana. “Habari zenu” yataka jibu, na jibu haliwezi kufika katika umri wa taifa lolote. “Shikamoo” ina adabu iliyo kubwa, na huenda wenyeji wa huko wakawa wazee kuliko wanadamu. Lakini asili yake ni kushika miguu, na hakuna ajuaye kama wanayo. Zote hizi ni salamu za uso kwa uso.

Kiswahili kina neno jingine, ambalo kwa kweli si salamu bali ni kitangulizi cha salamu, nalo ni “hodi”. Mwenye kupiga hodi hamwoni aliye ndani. Hajui kama ni mmoja au ni wengi, kijana au mzee, wala kama yuko mtu. Neno hilo halina ngeli, halina nafsi, halina wakati wa asubuhi wala wa jioni. Linadai mambo mawili tu: kwamba pana mlango, na kwamba mlango si wa mpigaji. Katika hilo la pili linazisahihisha salamu nyingi za santuri, ambazo zilisemwa kwa sauti ya wenyeji wanaopokea au kualika. Voyager haikupokea mtu. Imeondoka kwao na kuingia katika uwanja usio wake. Kwa Kiswahili mgeni ni yule ajaye, naye ndiye anayepaswa kutangulia kujitambulisha. Katika habari hii wageni ni wanadamu.

Desturi ya pwani, iliyofungamana na adabu ya Kiislamu, ni kwamba hodi hupigwa mara tatu, na asipojibiwa mpigaji huondoka bila kinyongo wala kuchungulia. Tangu Frank Drake aelekeze darubini ya redio ya Green Bank kwenye nyota mbili mwaka 1960, masikio yametegwa na hapana “karibu” iliyothibitishwa. Wanaouona ukimya huo kuwa ushahidi kwamba nyumba ni tupu wamesahau kwamba mwenyeji ana haki ya kutojibu.

Iliyobaki ni kazi ya wanachuoni. Salamu zile 55 zinastahili kufasiriwa upya kwa Kiswahili, kila moja kutoka katika lugha yake yenyewe na si kupitia Kiingereza, pamoja na maelezo ya viashirio, ngeli na nafsi zilizotumika. Wajuzi wa Kiganda, Kinyanja, Kiila, Kisotho na Kizulu hawakosekani, na sauti zenyewe zimehifadhiwa. Kazi hiyo inangoja wenye kuiweza.