Uhakiki wa Upangaji wa Mstari katika Algoriti za Data Zinazobadilika: Mfano wa Biashara ya Mahindi Mbeya na Iringa

Tangu George Dantzig alipobuni mbinu ya simpleksi mwaka 1947, upangaji wa mstari umetumika kugawa rasilimali chache kwa gharama ndogo kabisa. Mtindo wake wa awali hudai kuwa data zote zijulikane kabla ya hesabu kuanza. Katika biashara ya mahindi ya Mbeya na Iringa sharti hilo halitimizwi. Baada ya mvua kukoma, mavuno hufika sokoni kidogo kidogo, bei hupanda na kushuka, na njia ya kwenda Zambia kupitia Tunduma huweza kufungwa kwa amri, kama ilivyotokea mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Sehemu hii inahakiki mikondo mitatu ya nadharia inayodai kuzikabili hali za namna hiyo.

Mkondo wa kwanza ni wa algoriti zinazoamua bila kujua yajayo, uliofafanuliwa kwa kina na Buchbinder na Naor mwaka 2009. Msingi wake ni tatizo pacha: kila tatizo la kupunguza gharama lina pacha wake wa kuongeza thamani, na pacha huyo hutumika kama kipimo cha uamuzi. Tuseme chama cha ushirika kinakodi ghala kwa shilingi milioni 1 kwa msimu, na kujenga ghala kunagharimu milioni 10. Kikikodi hadi kodi ifikie milioni 10 ndipo kijenge, hakitalipa zaidi ya mara 2 ya gharama ya anayejua idadi ya misimu tangu mwanzo. Ubora wa mkondo huu ni kwamba dhamana yake haitegemei utabiri. Udhaifu wake ni kwamba kwa kawaida masharti huongezeka tu, ilhali amri ya kufunga mpaka huondoa njia ambayo mpango ulikwisha itegemea.

Mkondo wa pili, unaowakilishwa na kazi ya Bhattacharya, Henzinger na Italiano ya mwaka 2015, huruhusu data kuongezwa na kufutwa. Hata hivyo, gharama inayohesabiwa hapo ni muda wa kompyuta kusahihisha jibu. Kufuta mstari mmoja katika jedwali ni kazi ya sekunde; kulirudisha Iringa lori lililokwisha fika Tunduma na magunia yake ni safari ya zaidi ya kilomita 400. Kipimo kisichotofautisha mambo hayo mawili humfaa mtunza kumbukumbu kuliko mkulima.

Ingekuwa si haki kudai kuwa gharama ya kuhama imesahauliwa kabisa. Katika mkondo wa tatu, Borodin, Linial na Saks waliiingiza katika mfumo wao mwaka 1992, wakathibitisha kuwa kwa hali n dhamana bora ya algoriti isiyobahatisha ni mara 2n−1. Tatizo ni ukubwa wa dhamana hiyo: kwa hali 20, inaruhusu hasara ya mara 39. Ni kweli kihisabati, lakini hakuna ushirika unaoweza kuitegemea.

Chanzo cha udhaifu huo ni dhana kwamba data huletwa na adui asiye na mipaka. Katika Nyanda za Juu Kusini, kalenda ya mavuno, urefu wa barabara na ujazo wa maghala hujulikana. Yasiyojulikana ni bei na amri. Nadharia inayoyachukulia yote kuwa fumbo hulipa gharama ya woga usio wa lazima, na inayohesabu muda wa kompyuta pekee hulipisha wengine gharama ya haraka yake. Kwa hiyo, ubora wa algoriti yoyote inayopendekezwa kwa biashara hii hauna budi kupimwa kwa mambo mawili kwa pamoja: uzito halisi wa kila badiliko, na ufinyu wa kile ambacho kwa kweli hakijulikani.