Kulipwa Kenya, Kula Tororo: Watu wa Mpakani Wanavyoikwepa Ada ya Kadi

Mkenya anayefanya kazi Tororo, mashariki mwa Uganda, huku mshahara wake ukiingia benki ya Kenya anajua adha moja. Kila akitoa pesa kwenye ATM, kiasi kinachokatwa kwenye akaunti huzidi thamani ya noti alizoshika mkononi. Wengi hulalamikia ada ya kutoa. Kumbe hiyo ada ndiyo ndogo.

Kadi ya Visa au Mastercard ya benki ya Kenya ikiingizwa kwenye mashine ya Tororo, ombi hutoka kwa benki yenye mashine, hupitia mtandao wa kadi, hufika kwa benki iliyotoa kadi, kisha jibu hurudi, yote kwa sekunde chache. Katika safari hiyo fupi kuna mikono kadhaa ya kudokoa. Benki yenye mashine inaweza kuitoza kadi ya kigeni ada yake. Benki yako nayo ina ada ya kutoa pesa nje ya nchi, aghalabu kiasi kilekile kwa kila muamala, uwe umetoa kingi au kidogo. Juu ya ada hiyo serikali ya Kenya inadai ushuru.

Hayo yote utayaona kwenye taarifa ya akaunti. Usichokiona ni bei ya kubadilisha. Mtandao wa kadi una kiwango chake cha siku, na benki iliyotoa kadi huongeza asilimia yake juu ya hicho. Nyongeza hii haiandikwi popote kwa jina la ada. Imo ndani ya hesabu, na mteja asiyejua bei ya soko siku ile hawezi kuing'amua. Mashine nyingine huongeza mtego: hukuuliza kama ungependa kukatwa moja kwa moja kwa shilingi za Kenya. Swali linasikika kama msaada. Ukikubali, anayepanga bei ya kubadilisha ni upande wa mwenye mashine, na bei yake huwa mbaya zaidi. Chagua fedha ya nchi uliyomo, siku zote.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme bei ya katikati sokoni ni shilingi 28 za Uganda kwa shilingi moja ya Kenya, na mtu anataka Sh40,000 za Kenya zimfikie Tororo. Kwa bei hiyo angepata Sh1,120,000 za Uganda. Tuseme pia benki yake inaongeza asilimia 3 kwenye ubadilishaji, inatoza Sh300 kwa kila muamala, na mashine inamlazimu kutoa mara mbili. Nyongeza ya asilimia 3 ni Sh1,200 za Kenya. Ada ni Sh600, ushuru wake, tuseme asilimia 15, Sh90. Jumla Sh1,890, na hapo mwenye mashine hajagusa chake. Karibu theluthi mbili ya hasara hiyo imo kwenye bei ya kubadilisha, mahali ambapo hakuna anayepatazama.

Mbinu ya Busia, mji ulio pande zote mbili za mpaka, inaanzia hapo. Watu wa mpakani hutenganisha mambo mawili ambayo ATM ya ng'ambo huyafunga pamoja: kutoa pesa na kubadilisha pesa. Unatoa shilingi za Kenya upande wa Kenya, kwenye mashine ya benki yako mwenyewe, ambako ada ni makumi ya shilingi. Kisha unavuka na kubadilisha mahali ambapo kubadilisha ndiyo kazi ya watu, tena watu wengi wanaogombea wateja walewale.

Bei ya mpakani haiwi nzuri kwa sababu wabadilishaji wana huruma. Ni kwa sababu pesa inapita pande zote mbili. Mahindi, maharagwe na mayai ya Uganda yanaingia Kenya kupitia Busia. Mnunuzi wa Kisumu au Bungoma ana shilingi za Kenya. Mwenye ghala upande wa pili anataka za Uganda ili awalipe wakulima. Bidhaa za viwandani za Kenya nazo zinakwenda Uganda, na mfanyabiashara wa huko anatafuta za Kenya. Mbadilishaji anayenunua asubuhi anajua atauza kabla ya jua kutua, kwa hiyo anaridhika na faida nyembamba. Benki ya Kenya inayohudumia kadi iliyoko Tororo haina haja ya kushindana na mtu: mteja amesimama mbele ya mashine, anataka chakula.

Pale Busia utawakuta na kikokotoo na mabunda ya noti yaliyofungwa kwa mpira. "Unauza Kenya ama unanunua, mwalimu?" Usijibu haraka. Uliza bei zote mbili kwanza, ya kununua na ya kuuza, kabla hujasema umekuja na nini. Akisema ananunua kwa 27.8 na kuuza kwa 28.2, umeshajua kwamba katikati ni 28 na kwamba kwake utaacha senti 20 za Uganda kwa kila shilingi, chini ya asilimia moja. Pengo la bei zake likiwa pana, nenda kwa wa pili. Anayekataa kutaja bei hadi aone pesa zako, muage.

Kwa bei ya 27.8, zile Sh40,000 zinazaa Sh1,112,000 za Uganda. Umepoteza Sh8,000 za Uganda, yaani kama Sh286 za Kenya. Ongeza tuseme Sh35 za kutoa kwenye mashine ya benki yako, jumla ni Sh321 dhidi ya Sh1,890. Tofauti ya mwezi mmoja inazidi Sh1,500. Kwa mwaka inakaribia Sh19,000. Kutoka humo lazima utoe nauli, na hapa ndipo wengine hujidanganya. Anayepanda gari kila wiki kwenda kubadilisha Sh5,000 anampa kondakta kile alichomnyima mwenye benki. Safari inalipa ikifanywa mara moja kwa mwezi, au ikiunganishwa na shughuli nyingine. Mkazi wa Tororo pia halazimiki kufika Busia, kwani kivuko cha Malaba kimo ndani ya wilaya yake. Na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi Busia Februari 2018, karatasi za kuvuka hushughulikiwa upande mmoja tu, ule unaoingia.

Noti zina hatari zake, na hapa sitawapamba watu wa mpakani. Mbadilishaji wa barabarani asiye na leseni hana ofisi utakayorudi kulalamika. Zipo noti bandia, na kuna vidole vinavyohesabu kumi na kukabidhi tisa. Hesabu mwenyewe, kabla hujaachia zako, na kwa kiasi kikubwa ingia kwenye ofisi yenye leseni hata kama bei imepungua kidogo. Ukibeba fedha yenye thamani ya dola 10,000 au zaidi, sheria ya Kenya inakutaka uitangaze. Noti yenyewe pia inaweza kufa mkononi mwako. Juni 1, 2019, Gavana wa Benki Kuu ya Kenya Patrick Njoroge alitangaza kwamba noti za zamani za Sh1,000 zingekoma kutumika Septemba 30 mwaka huohuo, na benki kuu za Uganda na Tanzania zikasimamisha ubadilishaji wake. Aliyekuwa ameficha akiba ya Kenya chini ya godoro upande wa Uganda ilimbidi avuke nayo.

Ndiyo maana simu imechukua sehemu kubwa ya kazi hii. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, MTN Mobile Money Uganda mwaka 2009, na mwenye laini mbili mpakani ana nchi mbili mfukoni. Kwa bei za Safaricom zilizoanza kutumika 2023, kutoa Sh40,000 kwa wakala ni Sh278, lakini kumtumia mtu kiasi hicho ni Sh108. Tazama pengo hilo. Mbadilishaji aliye na laini ya Kenya anakubali umtumie hizo Sh40,000, naye anakuhesabia za Uganda. Hujatoa pesa popote. Umetuma tu, na gharama yote, pamoja na ile hasara ya kubadilisha, ni Sh394, ongeza ada ndogo ya kuhamisha kutoka benki hadi kwenye simu. Ni ghali kidogo kuliko kutumia ATM ya benki yako, ila huvuki na bunda la noti. Laini ya Kenya iache hewani hata ukiwa Tororo, kwa sababu namba za siri za muda za benki zinatumwa humo.

Njia inayoonekana rahisi kuliko zote, kujitumia kutoka M-Pesa hadi laini yako ya MTN Uganda na kutoa kwa wakala wa jirani, ina mtego wa upande wa pili. Bei ya kubadilisha imepangwa na mtandao, kwa hiyo ilinganishe na ya mpakani kabla ya kubonyeza. Kisha kuna kodi. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza asilimia moja kwa miamala ya pesa za simu. Baada ya kelele na maandamano, mwaka huohuo ikashushwa hadi asilimia 0.5 na kubaki kwa kutoa pesa pekee. Kwa Sh1,120,000 hiyo ni Sh5,600, mbali na ada ya mtandao wenyewe. Kodi inamkamata anayetoa noti. Anayelipa dukani kwa simu hatoi, na anayechukua kwenye ATM kwa kadi ya benki ya Uganda hatoi pesa za simu. Kwa anayekaa Tororo miaka, akaunti ya Uganda haiepukiki, na benki za Stanbic na Centenary ziko pale mjini.

Hapa watu huuliza kuhusu KCB na Equity. Zote ni benki za Kenya, zote zimo Uganda, KCB tangu 2007 na Equity tangu 2008. Nembo ni ileile, ila kisheria benki ya Kampala ni kampuni nyingine, chini ya Benki Kuu ya Uganda, na kadi ya dada yake wa Nairobi inaweza kuhesabiwa ya kigeni kwenye mashine yake. Uliza tawi lako kabla ya kusafiri, na usiulize "ada ni ngapi" pekee. Uliza asilimia inayoongezwa kwenye ubadilishaji. Uliza pia kama kuangalia salio nje ya nchi kunatozwa, maana kuna benki zinazotoza.

Kwa kiasi kikubwa, kama karo au kodi ya nyumba ya mwaka, noti na simu zote si mahali pake. Tangu mwishoni mwa 2013 benki za Kenya, Uganda na Tanzania zimeunganishwa na mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, EAPS, unaohamisha pesa kati ya akaunti kwa sarafu za eneo hili bila kupitia dola. Rwanda ilijiunga baadaye. Ada ya uhamisho wa namna hii haipandi sambamba na kiasi, hivyo inamuumiza anayetuma kidogo na kumfaa anayetuma kingi.

Yupo mwizi mwingine ambaye hakuna mbinu ya ada inayomfikia. Januari 2024 shilingi ya Kenya ilikuwa imeshuka hadi dola moja kununuliwa kwa karibu Sh160, na mbele ya shilingi ya Uganda ilikuwa na thamani ya karibu 24. Februari, Kenya ilipolipa sehemu kubwa ya deni la hati fungani ya kimataifa lililokuwa likiiva mwaka huo, shilingi ikapanda, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa inapata zaidi ya 28. Sh40,000 zilezile zikatoka kama Sh960,000 za Uganda hadi zaidi ya Sh1,120,000. Tofauti ya Sh160,000 inameza ada za miezi mingi. Simshauri mtu kucheza kamari na mshahara wake, lakini aliyetenganisha kutoa na kubadilisha angalau anachagua siku ya kubadilisha. Mwenye kadi pekee hubadilisha siku njaa inapobisha.

Ikumbukwe kwamba tatizo hili halikuwapo zamani. Kuanzia 1921 hadi Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilipovunjika katika miaka ya 1960, shilingi moja ilinunua chumvi Busia na saruji Tororo. Ulaya nako wenye euro walikuwa wakitozwa zaidi wakivuka mpaka hadi sheria ya Umoja wa Ulaya ilipolazimisha, kuanzia Julai 2002, ada ya kutoa euro nchi jirani iwe sawa na ya nyumbani. Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia saini itifaki ya umoja wa sarafu jijini Kampala Novemba 30, 2013, wakilenga 2024. Tarehe imesogezwa hadi 2031.

Benki kuu za Nairobi na Kampala hazihitaji kusubiri sarafu moja ili zifanye jambo dogo. Ziziamuru benki zionyeshe kwenye skrini ya mashine, kabla mteja hajabonyeza kukubali, atakatwa shilingi ngapi za nyumbani, kwa bei gani, na bei hiyo imepita ya soko kwa asilimia ngapi. Mbadilishaji wa Busia mwenye kikokotoo hutaja bei yake kabla hajagusa pesa yako. Benki yenye kompyuta nayo inaweza.