Heko, Walimu wa Udereva

Anayeishi Nyakunguru anazijua barabara zetu: vilima vya Tarime, vumbi la kiangazi, tope la masika, na malori ya mgodi wa dhahabu wa North Mara. Ndiyo maana nawapongeza walimu wa udereva, hasa kwa somo linaloogopwa na wengi, la kupaki na kurudi rivasi. Kwenda mbele mtu hujifunza upesi. Kurudi nyuma katikati ya nguzo bila kuigusa hata moja, ukisoma vioo vya pembeni na kuiachia klachi taratibu, ni kazi nyingine kabisa. Mwalimu hukaa kando, mkono karibu na breki ya mkono, sauti haipandi. Hurudia tena na tena mpaka mwanafunzi aache kutetemeka.

Askari wa usalama barabarani ndiye humpima mtahiniwa, na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutoa leseni. Wapo wanaotafuta njia ya mkato. Hao siwapi heko. Gari linaporudi nyuma gulioni, watoto wakipita, leseni ya kununua haimwokoi mtu.

Vijana wenzangu, kabla ya kuomba leseni, nendeni kwa mwalimu.