Fedha ya Makombe ya Rossel na Hesabu ya Armstrong

Kitabu cha W. E. Armstrong juu ya kisiwa cha Rossel, kilichotolewa Cambridge mwaka 1928, kingali chasomwa na watafutao habari za fedha za kale. Kisiwa hicho kiko Papua, mwisho wa mashariki wa visiwa vya Louisiade. Armstrong alikaa huko muda mfupi mnamo 1921, naye yafaa tumpe sifa yake. Alitambua kwamba ndap, yaani vipande vya kombe vilivyosuguliwa, vina daraja, kila daraja na heshima yake. Akazipanga daraja 22, akazipa namba toka ndogo hata kubwa.

Alipojaribu kueleza mpango huo ndipo alipopotea. Aliona kwamba mtu akikopa ndap ya daraja fulani, hulipa ya daraja ipitayo ile. Na kadiri deni likaavyo, ndivyo malipo yapandavyo. Akaiita riba, akaifanyia hesabu kama karani wa benki, kana kwamba daraja zote ni ngazi moja, na mwenye subira aweza kuipanda toka chini hata juu.

Lakini habari alizozileta mwenyewe zampinga. Asimulia kwamba ndap ya 18 watu huipokezana wameinama, na zile za 19 hata 22 hufungiwa, hazipaswi kuona mwanga wa jua. Ya 18 ndiyo itakiwayo katika mahari na karamu ya nguruwe. Je, nani ainamaye mbele ya riba? George Dalton alilionyesha jambo hili mwaka 1965: ndap za 17, ziwe nyingi namna gani, hazifanyi 18 moja. Buganda ya zamani simbi moja ilikuwa sawa na mwenziwe, na kitu kikubwa kilitaka simbi nyingi zaidi. Rossel wingi haununui daraja.

Hapo ndipo ulipo ukubwa wa watu. Ndap za juu zilikuwa mikononi mwa wakuu wachache. Kijana atakaye kuoa hakuwa na budi kumwendea mkuu ili apate ndap iliyotakiwa, na tangu siku ile alikuwa mtu wake. John Liep, katika kitabu chake cha 2009, aliuita utaratibu huo utawala wa matajiri. Neno ni kali, ila lafunua lile ambalo hesabu ya Armstrong yaficha: deni lile lilimfunga mtu kwa mtu.

Nasi tufasirio desturi za watu tuone hatari iliyopo. Tukiandika kwamba fulani "alinunua mke", msomaji aona soko. Tukiandika "riba", aona benki. Wala hamwoni yule kijana mlangoni kwa mkuu. Kitabu cha Armstrong kisomwe, kwa kuwa alitazama vema. Lakini msomaji aanze na habari za wale wainamao, ndipo aende kwenye hesabu.