"Ziada" Isiyo Ziada: Istilahi za Bima ya Nyumba

Tumeletewa fomu ya bima ya nyumba iliyofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya watu wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza. Sarufi yake haina kasoro kubwa. Kasoro imo katika istilahi, nayo ni ya kumtia mtu hasara.

Fomu yasema kwamba mwenye bima "atakuwa na ziada ya Sh. 500,000 katika kila dai". Msomaji yeyote wa Kiswahili ataelewa kuwa ataongezewa fedha hizo. Kumbe maana yake ni kinyume: hasara ikiwa Sh. 2,000,000, kampuni italipa Sh. 1,500,000, na zilizobaki atazibeba mwenyewe. Mfasiri alilikuta neno la Kiingereza, akafungua kamusi, akachukua maana ya kwanza, asijiulize ni nini kinachozidi nini. Sisi twapendekeza "makato ya fidia". Kila apokeaye mshahara ayajua makato, wala hayadhanii kuwa ni nyongeza!

Gumu zaidi ni "thamani ya nyumba". Mnunuzi huandika bei aliyonunulia, na bei hiyo imo na ya kiwanja, kiwanja hakiungui. Mwingine aliipata nyumba kwa bei ya chini, naye huiandika hiyo hiyo. Linalotakiwa ni gharama ya kuijenga upya, na fomu ingalisema hivyo waziwazi. Tuseme gharama hiyo ni Sh. 100,000,000, naye amekata bima ya Sh. 60,000,000. Upande wa jikoni ukiungua kwa hasara ya Sh. 20,000,000, atadhani atalipwa zote, maana hazifikii kiasi alichokatia bima. Lakini kwa sharti lililo la kawaida katika bima za namna hii, atahesabiwa sehemu sita katika kumi, yaani Sh. 12,000,000, na makato bado. Sharti hilo fomu imeliita "wastani", neno ambalo walimu wa hesabu wanalo kwa maana nyingine kabisa. "Fidia kwa uwiano" ingalitosha.

Juu ya "kinga" hatuna ugomvi. Ni kweli kwamba bima haizuii moto wala mwizi, lakini neno limekwisha kuzoeleka.

Limebaki jina la mkopeshaji ambaye, nyumba ikiwa imenunuliwa kwa mkopo, hulipwa fidia kabla ya mwenye nyumba. Fomu yamwita "mfaidika", kana kwamba moto umemletea faida. Twaweka "mlipwa wa kwanza" mbele ya wasomaji. Aliye na neno bora na atuandikie.